Uzito wa Shangazi na Pacha

Mizani ya watoto ilikuwa mbovu, na pacha wote wawili walikuwa wanachemka kwa homa. Muuguzi hakuweza kuwapimia dawa bila kujua kila mmoja ana kilo ngapi. Kwenye mizani ya watu wazima walijinyonganyonga, mshale ukayumba huku na huko.

"Panda peke yako kwanza, shangazi, halafu na mtoto."

"Peke yangu sipandi," shangazi yao alinong'ona, akiwatupia jicho majirani kwenye foleni. "Hawa watanisema mpaka mwakani."

Hapakuwa na nafasi ya kubishana. Muuguzi akampandisha na pacha mkubwa: themanini na tatu. Na mdogo: themanini na moja. Na wote wawili: tisini na mbili.

Akajumlisha vipimo viwili vya kwanza, akapata mia moja sitini na nne. Humo shangazi yumo mara mbili, na kila mtoto mara moja. Akatoa tisini na mbili, akabaki shangazi peke yake: sabini na mbili. Basi mkubwa kilo kumi na moja, mdogo tisa.

Akawanywesha dawa.

"Na mimi umenipata?" shangazi aliuliza.

"Nimekupata. Bila wewe nisingewapata wao."

"Basi yabaki moyoni mwako."

Muuguzi aliitikia kwa kichwa tu. Kila akihudumia mgonjwa mwingine, alirudi kumgusa mdogo paji la uso, mpaka alipolikuta limelowa jasho.