Usipumue, Mama Dorine

...na mkono wenyewe umeshakufa ganzi, mama mzima nimesimama juu ya stuli ndani ya stoo ya mahindi saa kumi kasorobo mchana, madirisha yamezibwa kwa magunia, nimeinua kichupa cha dawa ya macho kilichojaa maziwa, maziwa ya ng'ombe niliyemkamua mwenyewe asubuhi, nangoja bwana mkubwa aseme "sasa" nidondoshe tone moja, moja tu, juu ya sahani iliyofudikizwa, eti likigonga sahani maiki isikie, flashi iwake, kamera ilinase tone likiwa limeruka juu kama taji, picha ya namna hiyo aliiona kwenye kipande cha gazeti kilichofungia sukari na tangu siku hiyo sijui amani ni nini, "Usiongee, Mama Dorine, hata usipumue," haya, siongei, nani ataongea na kidude kinachoshika kila kitu, juzi kuku alilia nje, ikawaka, jana mimi nikapiga chafya, ikawaka, filamu inakwisha kwa kuku na chafya, na Nyaberi, yule fundi wa redio wa Sotik aliyemsaidia kuunga nyaya, alimwambia mbele yangu, "Mzee, zungusha hapa upunguze, hii inashika mpaka mtu akimeza mate," mume wangu Bethwel akakataa katakata, "Wacha ishike yote," haambiliki huyu, miaka ishirini na sita alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha chai, chumba kile cha kusagia majani ambako kwa kelele za mashine watu huongea kwa mikono, akastaafu mwaka wa tisini na nne, wenzake wakanunua ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi, yeye akanunua kamera... ah, tone limeshajaa mdomoni mwa kichupa, nikidondosha kabla ya wakati nitasikia mimi, na hiyo maiki ni ya redio yangu, redio ya kaseti niliyonunuliwa na Dorine kwa mshahara wake wa kwanza, Bethwel alisema imekufa, haitoi sauti, nikamwambia inalia vizuri kabisa, mimi nasikiliza salamu nikiwa jikoni, akainama akaweka sikio, akasema imekufa, kesho yake nikaikuta mezani imepasuliwa tumbo... na hiyo flashi sasa inajaza umeme, naisikia, wiiii, nyembamba kama mbu, ikinyamaza ndiyo imejaa, siku ya kwanza nilimwambia imenyamaza, iko tayari, akanikodolea macho, "Hakuna kitu ilikuwa inalia," yeye hungoja kataa kekundu ka flashi kawake tu, basi nangoja na mimi, na mfuko wangu uko chini ya kitanda, nguo zote, Biblia, na ile blanketi nzuri, Dorine anakuja saa kumi na pikapu ya mumewe anipeleke kwake Silibwet, si kutembea, kukaa, na huyu bado hajui, kwa sababu kumwambia ni kupiga kelele mpaka Bitutu, jirani yetu wa ng'ambo ya shamba la chai, aache kuchuma chai asikilize, mambo ya nyumba hii siku hizi humfikia Bitutu kwanza, nimechoka, jamani, nimechoka mpaka koo, Dorine alimwambia Krismasi, kwa upole, "Baba, twende tu waangalie hiyo masikio," akawaka, "Masikio yangu iko sawa! Ni nyinyi mnaongea kama watu wanaficha kitu!" na siku niliyoingia kumwambia dada yangu amefariki, nimesimama mlangoni na machozi yangu, hakugeuka, alisema, "Ndiyo, ndiyo, weka hapo mezani," siku hiyo ndiyo niliacha, nikajiambia sitasema tena neno na huyu mtu ila la chakula... na sasa hivi amenipa mgongo vilevile, anainamia kamera, shati limechanika begani, sikuliona, nani atamshonea... lakini jana, ile chafya, alikuwa amenipa mgongo hivi hivi, akageuka palepale, "Mama Dorine, uko na homa?" na Jumanne nilileta chai, nikanong'ona peke yangu kwamba mzee huyu ataniua, ikawaka, akageuka mara moja, "Umesema?" nami nikamimina chai nikiogopa ni filamu anayoililia, lakini hakuililia, wala ya kuku, wala ya chafya, hajawahi kunigombeza kwa picha hata moja, ananiambia usiongee, halafu nikiongea anageuka, mwaka mzima na zaidi sijaulizwa umesema nini katika nyumba hii, wacha ishike yote, wacha ishike yote... ee Mungu wangu, Bethwel, kumbe unajua husikii, mwanga ndio unaokuambia nimesema, kumbe umejua siku zote, mzee wa kiburi, badala ya kukubali kwenda hospitali kama watu umekaa hapa miezi mitatu na nyaya, umetupwa na umeme ukaangukia gunia la mahindi, nami nakutukana moyoni, nina hasira nawe hata sasa, hasira na huruma, sijui ipi imezidi... wiii imenyamaza, imejaa, kataa kamewaka, na nje nasikia gari linapanda kona ya kwetu, yeye halisikii, mkono bado uko juu, "Baba Dorine," nasema, kwa sauti ya chini, ile ya zamani ya mezani, na stoo nzima inakuwa nyeupe, magunia, majembe, mgongo wake, halafu giza tena, naye amegeuka, "Umesema nini?" amewasha tochi, na hanimuliki machoni, ananimulika mdomo, anangoja, nami maneno yote niliyojiandalia tangu asubuhi ni ya kupiga kelele, sina hata moja la kusema polepole.