Chupa Kumi na Mbili za Baba Karwirwa

Mimi Ntinyari, mwalimu mstaafu na mama wa kanisa, nilianza kupenda divai nikiwa na miaka sitini na mbili, na sioni haya kusema. Lawama mpeni binti yetu Karwirwa, aliyetuletea chupa nyekundu kutoka Nairobi siku ya Krismasi. Hatukuwa na cha kuifungulia, basi mume wangu Mithika akakisukuma kizibo ndani kwa mpini wa mwiko. Tukainywa kwa vikombe vya chai. Jioni hiyo Mithika aliigiza namna chifu alivyokimbizwa na nyuki, nami nikacheka mpaka kilemba kikaangukia kwenye mchuzi.

Hicho ndicho nilichokitaka. Mithika analima miraa hapa Laare, na kwa miaka thelathini na moja, kila alasiri ila Jumapili ametia kifungu mfukoni akaenda kutafuna na wanaume wenzake sokoni, akirudi mimi nimeshasinzia. Kwetu mwanamke ataifunga miraa, ataiuza, lakini haitafuni, wala haketi pale. Divai ilimkalisha nyumbani. Nilimtaka nyumbani, basi.

Ila chupa ile ilikuwa na bei ya majogoo wawili. Ya kunywa kila siku ilibidi iwe rahisi, tukaanza kutafuta. Ya kwanza ilikuwa dawa ya kikohozi kabisa. Ya pili, ya kwenye boksi, Mithika alisema ingefaa kuogeshea mbuzi. Ya tatu ilitupaka meno rangi ya zambarau, na Jumapili tukaimba nyimbo zote midomo imefungwa. Na kila tulipokosea, kesho yake Mithika alirudi sokoni. Roho iliniuma.

Ijumaa moja nikiwa kwenye mkutano wa chama chetu cha akina mama, alikwenda peke yake kwa Njue, yule Mwembu mwenye duka la vinywaji, akaonjeshwa divai ya bei ya chini. Nilimkuta ameshuka kwenye bodaboda, amekumbatia katoni.

"Mama Karwirwa, tumepata!" alipaza sauti kabla hajafika mlangoni. "Hii kitu ni tamu! Nimechukua chupa kumi na mbili!"

"Kumi na mbili? Na ikiwa mbaya?"

"Wacha maneno. Mdomo ni yangu."

Nikacheza pale uani, mtu mzima mimi, kuku wakatawanyika.

Tukangoja Jumapili. Mithika ni mzee wa kanisa na siku hiyo hatafuni. Baada ya ibada tulifunga mapazia, tukamimina, tukagonganisha vikombe. Nikaonja. Ulimi ulijikunja. Nikamtazama Mithika: jicho moja limefumba, lingine linatoa machozi.

"Njue amenibadilishia," akanong'ona.

Jumatatu alasiri alitoka shambani amekasirika, akaitoa ile chupa ili ainuse vizuri kabla ya kwenda kugombana. Akapiga funda moja. Akasimama. Akapiga la pili.

"Lakini ni tamu!"

Nikamnyang'anya nikaonja. Siki tupu! Tukabishana, sauti juu, mpaka nilipoliona shavu lake la kushoto limevimba.

"Mithika, siku ile kwa Njue, ulikuwa na nini mdomoni?"

Akaligusa shavu. Akakaa chini taratibu. Miraa ni chungu. Baada yake hata siki ni asali.

"Mimi ni mjinga," akasema. Hakucheka. Akachukua koti. "Wacha basi niende kwa wenzangu."

Nilimwona akielekea mlangoni, na jioni zangu zote zikienda naye, nikaogopa kwelikweli.

"Nipe," nikasema.

"Nini?"

"Miraa. Nipe na mimi."

"Wewe? Mama wa kanisa?"

"Mapazia yapo."

Akaliweka koti. Alipotaka kunioa, Mithika alimpelekea baba yangu fungu zuri la miraa lililofungwa kwa majani ya mgomba. Wazee wakalitafuna, nami mwenye kuposwa nilikuwa jikoni nakoroga uji. Sasa alichagua kijiti chororo, akakimenya kwa ukucha polepole, akaniwekea kiganjani.

Ilikuwa chungu mpaka masikioni. Nikatafuna, nikakunja uso, nikatafuna, nikapiga funda la divai.

"Haki ya nani!" nikasema. "Ni tamu!"

Tulicheka mpaka tukashikana mikono tusianguke vitini. Simu yake ikalia. Alikuwa Naftaly, mmoja wa wale anaotafuna nao, akiuliza mbona nafasi ya Mithika sokoni iko wazi.

"Leo siji," Mithika akamjibu, huku akinimenyea kijiti kingine. "Natafuna na mwenzangu."