Amri ya Sahani

Mchana ulikuwa haujafika vizuri, na tayari maji ya karai yalikuwa yamegeuka kijivu. Beldina aliinama, akachovya sahani ya bati, akaisugua kwa kiganja, akaipangusa kwa kipande cha kanga na kumpakulia mtu wa pili kwenye foleni. Mafuta yalibaki yameganda ukingoni. Afanye nini? Sabuni katika mji mzima wa Mbale ilikuwa imegeuka hadithi. Wenye nayo walikuwa wanajeshi na marafiki wa wanajeshi. Majivu yangefaa, lakini majivu yanataka maji mengi ya kusuuzia, na bomba la mtaa wao wa Namakwekwe lilikuwa linakohoa tu tangu juzi.

Mpaka wiki iliyopita hoteli yake haikujua habari ya kuosha. Asubuhi alikata majani ya mgomba nyuma ya nyumba, akayapitisha juu ya moto mpaka yakalegea, na kila mteja akapewa lake. Ukishakula unalikunja, unawatupia mbuzi wa jirani, umemaliza. Hakuna aliyekula mate ya mwenziwe. Wapagazi wa maghala ya kahawa waliipenda ile harufu ya jani la moto chini ya matoke.

Kisha gari lenye kipaza sauti likapita mitaani: wageni wakubwa watakuja mjini, kula kwenye majani ni ushenzi, hoteli zote ziwe na sahani. Isiyo na sahani ifungwe. Beldina alikuwa mjane kutoka ng'ambo ya Malaba, upande wa Kenya, na alijua kwake kufungwa maana yake nini. Mgeni asiye na kazi huulizwa upesi anatafuta nini Uganda, na siku hizo waliokuwa wakiulizwa hivyo hawakupewa nafasi ndefu ya kujibu.

Sahani zilipatikana mahali pamoja tu, katika duka lililokuwa la Kanta kabla Wahindi hawajafukuzwa. Sasa lilikuwa la Apollo, aliyekuwa dereva wa meja mmoja. Rafuni kulikuwa na kamba za viatu na vumbi. Sahani zilikaa chumba cha nyuma.

"Sahani iko, mama," Apollo alimwambia, "lakini noti zako weka. Ile baiskeli ya marehemu bado natembea?"

Ilikuwa inatembea. Beldina akarudi nyumbani kwa miguu, sahani kichwani, nazo hazikutosha hata nusu ya wateja wake. Ndiyo maana leo kila aliyemaliza alinyang'anywa yake mbiombio ili mwenzake apate kula.

"Mama Beldina," akasema Gidudu, mpagazi mrefu wa kahawa, pua yake juu ya sahani, "leo maharage yako nanuka samaki."

"Aliyekutangulia kala samaki."

"Basi mimi nimepata vyote viwili. Serikali napenda sisi sana."

Watu wakacheka chinichini, kisha wakanyamaza kwa pamoja. Mlangoni alikuwa amesimama Bwana Isabirye, afisa wa afya, na nyuma yake askari mwenye bunduki.

Isabirye hakuwa mtu wa makelele. Zamani alikuwa akila hapa hapa, benchi la pembeni. Sasa alipita meza kwa meza, akainama kuchungulia chini ya mabenchi.

"Majani iko wapi?"

"Hakuna, bwana. Nimeacha kukata."

"Vizuri. Sasa hii ni hoteli."

Akaketi, akatoa mfukoni kibali cha kufungua hoteli, akakilaza mezani na kupapasa kalamu. Ilibaki sahihi tu. Lakini njaa haijui cheo, na sufuria ilikuwa wazi.

"Kwanza nipe matoke na supu ya karanga," akasema.

Macho yake yakamfuata Beldina mpaka kwenye karai. Akaona sahani ikitoka mikononi mwa mzee aliyekuwa akikohoa, ikizama katika yale maji, ikiibuka. Akamwita kwa sauti ya chini.

"Mama. Yangu weka kwa jani."

Hoteli nzima ilisikia. Hata askari aliangalia juu, kwenye mabati.

Beldina alisimama, mwiko mkononi. Migomba ilikuwa pale nyuma ya ukuta, na kisu kilikuwa karibu. Kukata jani moja ilikuwa kazi ya kupepesa jicho, na sahihi ingekuwa yake. Akawatazama wale waliokuwa wanakula. Hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa anataka chakula chake juu ya nini.

"Jani limekatazwa, bwana," akasema taratibu. "Wewe mwenyewe umelitafuta sasa hivi chini ya mabenchi."

Akapakua matoke kwenye sahani ile ile ya mzee, akamwagia karanga juu, akapiga goti kama wafanyavyo wanawake wa kwao Isabirye, Busoga, na kumwekea mbele kwa mikono miwili.

"Karibu chakula."

Isabirye aliutazama ule ukingo. Hakugusa. Alikikunja kibali, akakirudisha mfukoni, akavaa kofia yake.

"Kesho usifungue," akasema, na wala hakupaza sauti.

Askari akamfuata, ila shingo yake ilibaki nyuma kidogo, kwenye matoke.

Mvuke uliendelea kupanda mezani. Hapo Gidudu akanyoosha mkono wake mrefu, akaivuta ile sahani.

"Chakula haina kosa," akasema, akamsogezea mzee nusu.

Foleni ilikuwa bado imefika mlangoni. Beldina akasimama, akapangusa goti lake.

"Haya," akasema, "nani anafuata?"