Mfupa wa Jogoo wa Tatu

Mume wangu Seng alikuwa msomaji wa mifupa ya kuku wa Chao Pha, mfalme wetu, na kwa miaka ishirini hakukubali hata siku moja nimchungulie kazini. Lakini mimi nina ugonjwa wa kutaka kujua. Kila jogoo niliyempika nyumbani nilikwangua mifupa ya mapaja yake, nikachomeka vijiti vya mwanzi kwenye vitundu vyake. Vikisimama wima, jeshi livuke mto. Vikipishana, likae.

Mwaka ule adui zetu Wakachari walikuwa wamejikusanya ng'ambo ya mto Dikhou, na Laokham, mtoto wetu wa pekee, alikuwa amepangwa mstari wa mbele. Chao Pha akaagiza majogoo watatu kutoka bandani kwangu. Nikawachagua watoto wa tetea wangu mweusi, maana kwa ndugu zao wote niliokwisha kuwala vijiti vilipishana.

"Mbona hawa?" Seng akauliza.

"Wamenona."

"Mama Lao, lini ulimpa mfalme kuku aliyenona?"

"Leo nimekuwa mkarimu. Hutaki?"

Akanitazama, akawafunga miguu, akaondoka nao.

Siku ya kusoma nilisimama nyuma ya ua wa mfalme pamoja na wanawake wengine. Jogoo wa kwanza, vijiti vikapishana. Wa pili, vilevile. Neno la mwisho huwa la wa tatu. Seng aliushika mfupa ule muda mrefu, akaugeuza kwenye mwanga, halafu akasema, "Msivuke." Hakuna aliyembishia. Ndiye aliyemwambia usoni Chao Pha aliyemtangulia huyu kwamba akienda vitani hatarudi, na hakurudi.

Nilirudi nyumbani kichwa kimenivimba, nikimsifu tetea wangu.

Mifupa ikishasomwa hutupwa mtoni. Lakini kesho yake, nikifua mshipi wa Seng, nikakuta mmoja umeviringishwa ndani, vijiti vyake bado vimo. Vyote vilikuwa wima. Nikampelekea.

"Baba Lao, huu ulisema nini?"

Aliendelea kutafuna tambuu yake. "Ulisema wavuke."

"Na wewe?"

"Mimi nilikusikia wewe nyuma ya ua. Ulikuwa huhemi."

Siku ileile alikwenda kumwambia Chao Pha kwamba macho yake yamekwisha, atafutwe msomaji mwingine. Hajagusa mfupa tena. Juzi tulikuwa tumeketi barazani, akasema Laokham anarudi kutoka mtoni, na amebeba samaki. Nilikodoa macho kwenye mashamba ya mpunga mpaka yakaniuma, nisione mtu; wali ulikuwa umekwisha kuiva Laokham alipoingia na samaki wake.