Sumaku Isiyozimwa

Mpiga picha wa mashine ya MRI aliitwa na wenzake Mama Vua, na jina lilimkaa. Kutwa kucha kazi yake ilikuwa hiyo: vua saa, vua mkanda, vua hereni, toa funguo, toa simu, na hicho kipini cha nywele, mama, nimekiona. Wagonjwa wa kiume walioanza kuleta utani wa kuvua aliwanyamazisha kwa jicho tu. Kwa miaka tisa alikuwa ameulinda mlango mmoja usipitwe na chuma, na siku hiyo, saa nane mchana, alimkabidhi ufunguo wake mtu mwenye nyundo.

Ndani ya mashine alikuwa amelala mdogo wake wa mwisho, tumbo moja, ziwa moja. Mumewe, fundi wa mageti, alikuwa amemgongesha kichwa kwenye geti alilolichomelea mwenyewe. Mara nne, majirani walihesabu, na hakuna aliyetoka. Tangu hapo mwanamke huyo alikuwa akiona kila kitu viwili viwili, na daktari alitaka picha ya ubongo. Baada ya picha, dada mtu alikwishaamua, harudi kule tena. Nguo zake zilikuwa tayari kwenye kabati la wafanyakazi. Ila Fundi alikuwa ametamka mbele za watu kwamba siku mke huyo atakayotoka kwake, atatoka amebebwa. Fundi hakuwa mtu wa kutimiza ahadi, lakini vitisho vyake alivitimiza vyote.

Mashine yenyewe ni bomba pana la kulaza mtu, limezungukwa na sumaku. Kwa wagonjwa waoga Mama Vua alikuwa na maelezo yake: mwili wako ni maji, na ndani ya kila tone mna visumaku visivyo na idadi. Mashine inavipanga, inavisukuma kidogo, navyo vikirudi mahali pake vinatoa mlio. Sisi tunausikiliza mlio huo, tunachora picha. Huchomwi, hukatwi.

Mwanafizikia wa hospitali, mwanamume mwembamba waliyempa jina la Bwana Labda, hakuyapenda maelezo hayo.

"Unawadanganya watu," alimwambia. "Kisumaku kimoja hakiko juu wala chini mpaka ukipime. Kabla ya hapo hakina jibu."

"Na vikiwa mabilioni?"

"Vikiwa mabilioni jibu lipo, hata ufanyeje."

"Basi mimi nahudumia mabilioni. Nenda ukanywe chai."

Lakini jambo moja alilofundishwa na Bwana Labda alilishika. Waya wa ile sumaku umezama ndani ya gesi ya heliamu iliyogeuzwa maji, baridi isiyo na mfano, na kwenye baridi hiyo elektroni, zile chembe za umeme, hutembea mbili mbili bila kukwaruzana, jambo ambalo ndoa nyingi zimelishindwa. Umeme uliotiwa humo siku mashine ilipofungwa, miaka tisa nyuma, ulikuwa bado unazunguka. Kata umeme wa mji mzima, sumaku ipo. Zima taa, sumaku ipo. Watu hawaelewi hilo. Mashine ikigonga ngo-ngo-ngo wanaiogopa, ikinyamaza wanadhani imezimwa.

Saa nane na dakika chache alisikia mlinzi akipiga ukelele ukumbini. Alichungulia kwenye kioo cha mlango. Fundi alikuwa amemkalia mlinzi kifuani, na nyundo ya kilo mbili ilikuwa inashuka kwenye mfupa wa bega. Ilishuka, ikapanda, ikashuka tena. Mkanda wa ngozi wa nyundo ile ulikuwa umezungushwa mara mbili kwenye kifundo cha mkono, kama wafanyavyo mafundi wanaopanda ngazi, isije ikamponyoka ikaangukia watu.

Mama Vua alisukuma komeo. Mikono ilijua kazi yake. Chumba cha mitambo alimokuwa kilikuwa na milango miwili, huu wa ukumbini na ule wa kwenye sumaku. Chumba cha sumaku kilikuwa na mlango huo mmoja tu. Mdogo wake hakuwa na pa kutokea.

Alisimamisha picha, ngurumo ikakoma. Alibonyeza kitanda kikatoka nje ya bomba. Kisha akashika kipaza sauti.

"Mdogo wangu, nisikilize, usiulize. Mumeo yuko hapa ana nyundo. Fungua hicho kikapu cha plastiki kilichokufunika kichwa, shuka. Usisimame mbele ya bomba wala nyuma yake. Nenda kona ya kushoto, ubavuni, mgongo uguse ukuta."

Sauti ndogo ilirudi kwenye spika. "Dada, naona mabomba mawili."

"Kaa mbali na yote mawili."

Ukutani, karibu na dirisha, kulikuwa na kitufe chekundu chenye kifuniko. Ukikibonyeza, heliamu yote inachemka na kutoka juu ya paa, na sumaku inakufa. Alikitazama. Akiiua sumaku, Fundi ataingia na nyundo yake na kufanya alichokuja kufanya. Akiiacha hai, nyundo itaruka hadi kwenye bomba kwa nguvu ambayo hakuna mkono unaoizuia, na atakayekuwa njiani hana lake. Aliacha kitufe. Kwenye kioo aliona mdogo wake akitambaa kwa magoti, mkono mmoja mbele kama mtu aliye gizani, mpaka akafika konani.

Mlango ulipasuka kwa pigo la tatu.

"Yuko wapi?"

"Shemeji, tuongee."

Pigo lilitua kwenye mkono wake wa kushoto uliokuwa juu ya meza. Vidole vitatu vilivunjika pamoja na kibodi, na vitufe vya herufi vikatawanyika sakafuni. Alipoinama kuushika mkono, Fundi alimpiga goti usoni. Meno mawili yalitoka. Aliyatema, akajikuta anayatafuta kwa macho, kama vile kuna aliyewahi kuyarudisha.

Fundi alikuwa amemwona mkewe kwenye dirisha, amejikunja konani na gauni la hospitali. Alijaribu mlango. Umefungwa.

"Ufunguo."

Ulikuwa shingoni mwa Mama Vua, ufunguo wa shaba. Hapo, damu ikimtiririka kidevuni, alimfikiria shemeji yake. Miaka saba tangu harusi, mtu huyu hakuwahi kufanya jambo hata moja aliloambiwa na mwanamke. Ukimwambia mvua inakuja, anaanika nguo. Chembe moja labda haitabiriki, huyu alitabirika. Basi alimwambia ukweli.

"Shemeji, acha nyundo nje. Sumaku ya humo inafanya kazi. Itakuvuta."

Fundi alitega sikio. Kimya kitupu.

"Imezimwa. Unanifanya mtoto?"

"Haizimwi, shemeji. Nakuapia kwa Mungu. Vua huo mkanda wa mkononi."

Hakuna neno lililokuwa la uongo, na hakuna aliloliacha bila kulitega. Tusidanganyane: alitaka afe. Alivua ufunguo shingoni akampa.

Fundi alifungua, akaingia akitukana. Hatua ya kwanza haikuwa na neno. Hatua ya pili nyundo iliinuka yenyewe na mkono ukainuka nayo, naye akautazama kwa mshangao. Angetoka hapo angepona. Lakini alikuwa mtu wa kutoachia kilicho chake, akakaza ngumi na kuvuta. Hatua ya tatu hakuipiga yeye. Nyundo iliruka, mkanda ukakaza, bega likatoka mahali pake, na mtu mzima wa kilo tisini akaburutwa juu ya kitanda mpaka kwenye mdomo wa bomba. Nyundo ilipasua plastiki ikanasa humo, na mkono ukabaki katikati. Mifupa ililia kama muwa unaovunjwa gotini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu uliondoka mkono.

Alipiga mayowe ambayo hata mlinzi kule ukumbini, na mfupa wake uliovunjika, alifumba macho kwa kuyasikia.

"Pita!" Mama Vua alimwita mdogo wake kutoka mlangoni. "Pita sasa hivi, njoo kwangu!"

Mdogo mtu alisimama. Aliona milango miwili na dada wawili, akashika njia ya ule ambao haukuwepo. Njia hiyo ilimpitisha karibu na kitanda, na mkono wa kushoto wa Fundi, ule mzima, ukamdaka shingoni.

"Nitoe!" alimfokea Mama Vua. "Zima hiki kidude, la sivyo namaliza!"

Vidole vilizama. Uso wa mdogo wake ulibadilika rangi, miguu ikatafuta sakafu bila kuipata. Mama Vua hakukimbilia kitufe. Ndani ya mlango ule palining'inia mtungi wa zimamoto, wa aluminiamu, kitu pekee kizito kilichoruhusiwa kwenye chumba hicho kwa kuwa sumaku haikishiki. Aliunyakua kwa mkono wa kulia, akauegemeza kwenye kigasha cha kushoto, akaubamiza kichwani mwa Fundi juu ya sikio.

Vidole viliachia. Mdogo wake alianguka, akakohoa, akavuta pumzi. Mtu mwenye busara angeishia hapo. Mama Vua alipiga tena, na ngozi ya paji la uso ikafunguka, damu ikaenda kwenye shuka. Fundi alikuwa bado ananguruma. Alimtazama mkewe kwa jicho lililobaki wazi, akasema, "Utarudi. Utarudi tu nyumbani."

Mdogo mtu aliinuka taratibu. Aliutwaa mtungi mikononi mwa dada yake, na vidole vilivyovunjika havikuwa na nguvu ya kumkatalia. Vichwa vilikuwa viwili mbele yake. Alifumba jicho moja, kikabaki kimoja. Akapiga.

Baada ya hapo hakuna aliyenguruma.

Bwana Labda ndiye aliyekuja kubonyeza kitufe chekundu, ili maiti ibanduliwe. Ukungu mweupe ulifoka juu ya paa hadi watu wa barabarani wakadhani hospitali inaungua. Miaka tisa ya umeme iliisha kwa sekunde chache, nyundo ikaanguka sakafuni.

Saa kumi mpelelezi aliwakalisha dada wawili kwenye chumba cha kusomea picha. Mama Vua alikuwa amefungwa mkono, mdogo wake amejifunika blanketi, alama za vidole zimekoza shingoni. Bwana Labda alisimama mlangoni, hakuna aliyemwalika.

"Mapigo mangapi?" mpelelezi aliuliza.

"Matatu," alisema Mama Vua. "Yote yangu."

"Lipi lilimuua?"

"Afande, hilo labda halijulikani," Bwana Labda alidakia. "Kwenye fizikia yetu kuna maswali ambayo..."

"Kwenye kazi yetu yanajulikana. Kaa kimya." Mpelelezi alimgeukia Mama Vua. "La kwanza ulikuwa unamwokoa ndugu yako. Hilo hata mimi ningelipiga. Hayo mawili?"

"Nimesema yangu. Ufunguo nilimpa mimi, nilijua kitakachotokea. Andika."

Aliogopa sana, na hakujiogopea mwenyewe. Yeye alikuwa amekwisha kula nusu ya maisha yake, huyu mwenzake hajaonja. Kifungo, kama kipo, akibebe yeye. Ndiyo maana ya kuzaliwa wa kwanza.

"Dada, nyamaza."

Hakuwahi kuambiwa hivyo na mdogo wake tangu enzi za kumbeba mgongoni. Alinyamaza.

"La mwisho langu," alisema mdogo mtu. Sauti ilitoka kwa mikwaruzo. "Alikuwa ameshaniachia. Nilikuwa napumua vizuri kabisa. Nilifumba jicho nikamwona, nikampiga."

Mpelelezi aliweka kalamu chini. "Binti, unajua unachokisema? Dada yako amekwishakubali yote. Ungeweza kwenda nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

Mama Vua alimshika goti. "Mdogo wangu, tafadhali. Niachie mimi."

"Umeniokoa, dada, nitakushukuru mpaka nife. Lakini miaka saba kila mtu ananisemea. Yeye ananisemea, majirani wananisemea, leo wewe. Hili nimelifanya mimi."

Mama Vua alianza kulia, wazi wazi, na mdomo wenye mapengo. Mpelelezi alifungua ukurasa mpya.

"Jina lako?"

Akataja lake, kisha la baba yake. Mpelelezi alingoja la mume, kalamu juu ya karatasi, mpaka alipoelewa kwamba haliji.