Mikono Miwili Kwenye Dinari

Katika kiwanda chote cha sarafu hapa Roma, hodari wa kusahau ni mimi, Hilaro. Kreste alipoondoka kwenda Hispania na bibi anayemmiliki, nilimfuta moyoni kabla vumbi la mkokoteni halijatua. Najisifu hivyo kila asubuhi. Muulize yeyote, ila usimuulize mzee Dama.

Dama hushika nyundo, mimi koleo. Naweka kidonge cha fedha cha moto juu ya muhuri wa chini, wenye kichwa cha Kaisari. Dama anasimamisha muhuri wa juu, anagonga. Natoa dinari, naweka kidonge kingine. Mwezi huu muhuri wa juu una mikono miwili iliyoshikana, alama ya mapatano. Basi kutwa nzima natazama mikono ikishikana.

Kreste naye alininyooshea mkono wake langoni, siku ile ya kuondoka. Mimi, kwa kupenda kuchekesha, nikamtilia zeituni kiganjani. Watu walicheka. Hata yeye alicheka. Lakini mkono wake ulibaki wazi mpaka mkokoteni ukakata kona.

"We Hilaro! Umelala?" Dama alifoka.

Nikaweka kidonge upesi. Paa! Kumbe dinari iliyotangulia sikuwa nimeitoa, nayo ikachapa mikono yake chini ya kidonge. Kidonge kikatoka na mikono pande zote mbili: huku imevimba, huku imebonyea, shimo tupu la mikono.

"Hongera," Dama akasema. "Kaisari umempoteza. Tupa chunguni iyeyuke kabla msimamizi hajafika."

Ilipopoa, kidole changu kiliingia kwenye lile shimo, kikatulia. Kesho kuna mwenye nyumbu anaelekea Hispania. Angeifikisha. Kreste angeweka kidole chake shimoni humo humo. Lakini anayetoka na fedha ya Kaisari huchapwa mpaka mgongo usitambulike.

Msimamizi akaingia. "Iko wapi mbovu? Nimesikia nyundo ikilia vibaya."

"Imeshaingia chunguni, bwana. Ilitoka na sura ya mzee Dama, hata chungu kilishtuka."

Akacheka, akapita. Nikajifuta jasho kwa mkono wa kushoto. Wa kulia niliufumba.

Dama akaweka nyundo chini. Siku ile langoni naye alikuwepo.

"Hodari wa kusahau," akaninong'oneza, "hebu fungua kiganja hicho. Au umeshika zeituni tena?"