Gurudumu la Kunipumzisha

Marehemu mume wangu alinichongea gurudumu la kusokotea uzi wa sufu ili nipumzike. Sitii chumvi, ndivyo alivyosema mwenyewe: "Mke wangu, sasa utapumzika." Kabla ya hapo nilikuwa nasokota kwa kijiti cha mkononi, na watu walijua kijiti ni kitu cha polepole, kwa hiyo hawakuniletea kazi nyingi. Lilipoingia gurudumu, mtaa mzima ukapata habari kwamba kwangu uzi unapatikana upesi. Sikupumzika tena mpaka kitinda mimba wangu alipomaliza shule.

Siku aliyomaliza nililifungua lile gurudumu kipande kimoja kimoja. Sikulichoma, mimi si mtu wa kuharibu mali. Nilivipa vile vipande kazi nyingine, na vyenyewe vione. Kanyagio, yaani ule ubao wa kukanyagia kwa mguu, nikaligeuza juu chini likawa ubao wangu wa kukatia vitunguu. Mti mrefu wa kufungia sufu ukawa mkongojo. Kile kijiti kilichounganisha kanyagio na gurudumu kikawa komeo la mlango wa jikoni. Gurudumu lenyewe na miguu yake sikuvipatia kazi, nikavisukumia stoo nyuma ya magunia. Kisha nikaweka kiti changu dirishani, nikakaa. Kukaa tu! Wanaopita wananisalimia, naitikia, wakija wengine naitikia tena. Jamani, raha ile sijui niielezeje.

Sasa, nina mtoto wangu wa kwanza, tunamwita Mwenyekiti. Hakuna kikao ambacho hajakiongoza, hata cha watu wawili. Yeye na mke wake wanaishi nami. Siku moja aliingia stoo kutafuta ngazi, akatoka amekumbatia gurudumu, vumbi mpaka kwenye nyusi na machozi yakimlengalenga.

"Mama! Gurudumu la baba! Mbona hukutuambia lipo?"

"Hamkuniuliza."

Kabla chai haijapoa alishafungua kundi kwenye simu, akaliita "Urithi wa Mama". Nikamwuliza urithi upi, na mimi si huyu hapa nakunywa chai? Akacheka, akanishika bega, akasema hilo ni jina tu.

Mpango wake alinieleza amesimama, kama kawaida yake. Gurudumu litatengenezwa liwe kama zamani. Litakaa sebuleni, dirishani, kwenye mwanga mzuri, na wageni wakija mimi nitakuwa nawasokotea wakiona. Baadaye nitamfundisha mke wake, maana hii, eti, ni kazi ya ukoo.

"Pale dirishani si pana kiti changu?"

"Kiti kitahamia koridoni, Mama. Wewe utakuwa na kigoda cha gurudumu."

Moyo ulinishuka mpaka kwenye kandambili. Katika nyumba ile kila kitu nilikitafuta kwa ajili ya watu wengine: vitanda vya watoto, meza ya kusomea watoto, sufuria za kupikia watoto. Kile kiti peke yake ndicho nilichojipa mwenyewe. Lakini mwanangu alivyokuwa akilifuta lile gurudumu kwa shati lake zuri, nitamwambiaje?

Kilichobaki kuniokoa ni vile vipande vilivyokosekana. Walianza kuvisaka, na kitinda mimba akaja kutoka kwake na simu yake, kila kinachofanyika anakirekodi.

"Mama, hebu jitahidi kukumbuka," akaniambia kwa ile sauti ya kubembelezea mtoto mchanga. "Kanyagio liliishia wapi?"

Mimi siwezi kusema uongo kwa mtoto wangu. "Lipo jikoni."

Wakatazamana. "Jikoni, Mama?"

"Jikoni, karibu na sufuria. Na mti wa sufu ndio huu nimeushika."

Kitinda mimba akanipapasa mkono. "Pole, Mama. Usijisumbue." Halafu akamgeukia kaka yake, akanong'ona, na masikio yangu ni mazima kabisa: "Ni umri, kaka. Tumvumilie tu."

Hee! Nivumiliwe mimi! Nikaapa sifungui mdomo tena, watafute mpaka macho yawatoke. Na kutafuta walitafuta: darini, uvunguni, kwenye masanduku ya nguo za marehemu. Mwenyekiti alitaka kuangalia na nyuma ya nyumba, akachomoa komeo la mlango wa jikoni kwa mkono wake mwenyewe, akazunguka huko nje akikohoa vumbi, akarudi, akalichomeka tena. Akasema kile kijiti hakipo popote.

Ikabidi aitwe fundi seremala. Huyo naye kila kitu kwake ni kazi ndogo. Mkwe wangu akamkaribisha chai jikoni, akamkatia mkate juu ya ule ubao wangu, na fundi akala huku akitueleza kwamba kanyagio la asili la namna ile halionekani tena, hata ukilitafuta kwa tochi. Atachonga jipya, kwa mbao ngumu. Akadokoa makombo yaliyobaki kwenye ubao, akashukuru, akaenda zake.

Mkwe wangu akabaki anafuta ubao. Kidole kikaingia kwenye tundu la pembeni, palipokuwa na skrubu zamani. Akakuta na tundu la pili. Akaugeuza, akaangalia chini yake kwa muda, kisha akaniangalia mimi na mkongojo wangu.

"Mama, wewe!"

"Nilishawaambia. Wakanionea huruma."

Alicheka mpaka akaegemea friji. Mara kicheko kikamkatika. "Hivi ni kweli anataka na mimi nijifunze?"

"Si ameshaandika kwenye kundi?"

Akaurudisha ubao mahali pake taratibu. "Basi mimi sijaona kitu," akasema, akachukua kitunguu.

Lakini fundi kweli hakuwa mwongo, kazi kwake ilikuwa ndogo. Vipande vipya vikaja, vinang'aa vanishi, gurudumu likasimama dirishani. Kiti changu kikapelekwa koridoni kutazamana na viatu. Watoto wote wakaitwa, Mwenyekiti akatoa hotuba kuhusu mikono ya baba, nikakalishwa kwenye kigoda. Sufu nikapewa, simu ikaelekezwa usoni kwangu.

Niliomba moyoni mikono iwe imesahau. Wapi! Mikono haina adabu. Mguu ulikanyaga, uzi ukaanza kutoka mwembamba, sawasawa, nami ni kama namwangalia mtu mwingine akiusokota. Mume wangu hakuwa fundi, gurudumu lake lilikuwa na kibyongo, na kila likimaliza mzunguko liligonga mahali: ko, ko, ko.

Walilia wote. Mwenyekiti alifumba macho. "Sauti hiyo!" akasema. "Utotoni nilikuwa nikiisikia nalala fofofo. Sijawahi kupata usingizi mtamu kama ule."

Mguu wangu ukasimama wenyewe.

"Na mimi nilikuwa nalala saa ngapi?"

Mwenyekiti akafumbua macho.

"Nakuuliza, mwanangu. Ulikuwa unalala unaisikia, unaamka unaisikia. Hapo katikati ulidhani niko wapi? Baba yenu alinipenda, hilo silikatai, na mimi nilimpenda. Lakini gurudumu lake nililichukia. Nililichukia mpaka nilikuwa nikiliota. Nimelitoa mbele ya macho yangu, mmenirudishia, na kiti changu mmekitoa."

Kitinda mimba akashusha simu. "Samahani, Mama, mwanzo haikurekodi. Unaweza kurudia kidogo, hapo pa baba kukupenda?"

Mkwe wangu alimtupia jicho, kitinda mimba akanywea.

Mwenyekiti, kwa mara ya kwanza tangu ajue kusema, aliacha kikao bila kukifunga. Akaondoka kwenda jikoni, nadhani alitaka maji. Mkwe akamfuata, na mimi nikajikongoja nyuma yao. Nilipofika mlangoni mke wake alikuwa amempa ule ubao, ameugeuza upande usiokatiwa kitu. Mguu wangu ulikuwa umeula kwa miaka yote ile. Palikuwa na bonde la kisigino, na mbele yake vibonde vya vidole. Mwanangu aliweka kiganja chake mle ndani, na kiganja kikazama.

Aliangalia mkongojo. Aliangalia komeo la mlango, lile alilokuwa akilichomoa na kulichomeka. Akakaa chini sakafuni, na suruali yake ya hotuba.

"Ulituambia," akasema.

"Niliwaambia. Mkasema ni umri."

"Nisamehe, Mama."

Nilimpapasa kichwa. Mtoto ni mtoto, hata akiwa na mvi.

Asubuhi kiti changu kilikuwa dirishani. Gurudumu amelichukua kitinda mimba, limekaa sebuleni kwake bila kanyagio, halizunguki, lakini picha zake anasema zinatoka vizuri sana. Ubao wangu wa zamani Mwenyekiti aliniomba, nikampa. Lile kanyagio jipya la mbao ngumu alilifungua mwenyewe, akaliingiza jikoni, na siku hizi akiwa nyumbani vitunguu anakata yeye. Hajui kukata, vipande vinatoka vikubwa kama vya kulishia ng'ombe, lakini ule ubao ni mzito na kila kisu kikigonga nakisikia mpaka dirishani kwangu: ko, ko, ko.

"Mama," ananiita kutoka huko, pua imeziba kwa machozi, "havijatosha tu?"

"Bado, mwanangu," namwambia, nimeshafumba macho. "Endelea, usiache. Usingizi ndio kwanza unanijia."